Kilomita Nane kwa Lita

6 Oktoba

Daftari hili ni la mafuta ya gari, si la mambo ya moyoni. Nimeendesha gari miaka thelathini na minne, na sijawahi kubishana na mtu juu ya mafuta nikashindwa, kwa sababu mimi huandika na wenzangu hukisia.

Basi naandika. Pikapu hii ikiwa haina kitu mgongoni ilikuwa ikinipa karibu kilomita kumi na mbili kwa lita ya dizeli. Tangu Mulwa, fundi wa kuchomelea hapa Kalamba, aiwekee kijumba mwezi wa nane, imeshuka. Leo imetoa 9.1.

Kijumba chenyewe ni fremu ya chuma, kuta za mabati, godoro juu ya sanduku la mbao, na dirisha moja upande wa kushoto ambalo Ndinda alilichagua mwenyewe. Kimefungwa kwa bolti nane. Watu wa soko wanakiita kibanda cha kuku. Ndani yake mke wangu Ndinda hulala huku mimi naendesha. Nyonga yake ilivunjika Aprili, ikapasuliwa na kutiwa chuma, na hadi leo hawezi kukaa kitako zaidi ya nusu saa. Kulala anaweza.

Mimi ni fundi wa kutembea, natengeneza cherehani za watu. Naenda Kasikeu, Kitui mjini, Zombe, siku tatu nje na siku nne nyumbani. Zamani nilikuwa nikisafiri peke yangu. Siku aliyoanguka nilikuwa Zombe. Aliteleza kando ya tangi la maji saa kumi jioni, akalala hapo hapo chini mpaka asubuhi, Kanyiva, mke wa ndugu yangu, alipokuja kuomba chumvi.

Ndiyo nikajenga kijumba. Hiyo ndiyo sababu na sitaiandika tena.

Nimemwambia Ndinda sheria ya daftari hili. Gari ikishuka chini ya kilomita nane kwa lita, kazi yangu haiwezi kuibeba safari ya Zombe, na kijumba itabidi kishuke, naye abaki nyumbani na Kanyiva. Akasema sawa. Alikuwa akifuma kitambaa na hakuinua macho.

9 Oktoba

Jua. Mawingu yanakuja, yanatuangalia, yanaenda zake.

13 Oktoba

Kasikeu, kwenda na kurudi. 8.8.

Nieleze ninavyopima, maana kuna watu hujaza mafuta ovyo kisha wanalaumu gari. Najaza Wote, pampu ile ile, gari ikielekea upande ule ule, mpaka dizeli ifike shingoni. Halafu naitikisa gari kwa bega ili hewa iliyojificha kwenye tangi itoke, naongeza tena mpaka ijae. Nikitikisa, Ndinda hupiga bati kwa ndani.

"Baba Kasiva, unabembeleza mtoto ama unajaza mafuta?"

Mwenye pampu alicheka mpaka akamwaga tone. Kasiva ni binti yetu, yuko Mombasa, na hakuwahi kubembelezwa hivyo.

Kule Kasikeu nilikuwa na mashine sita za kutengeneza. Nikiwa nimeziinamia, nyuma ya gari kulikuwa na kicheko kutwa nzima. Kina mama walikuwa wamekaa kwenye ubao wa nyuma, Ndinda amelala ubavu, anapiga soga. Miaka ishirini aliongoza kwaya ya kanisa letu, na kanisa letu liko juu ya kilima. Alipoumia wanakwaya walikuja wiki mbili za kwanza, kisha kilima kikawachosha kushuka kama kilivyomchosha yeye kupanda.

17 Oktoba

Nimebadilisha chujio la hewa. Lilikuwa limejaa vumbi jekundu. Nilijua tu.

22 Oktoba

Zombe, kupitia Machakos na Kitui. 8.5, na chujio ni jipya.

Kitui tulisimama kwa Mishi, anayeshona madera karibu na msikiti. Mashine yake haikuwa na shida kubwa, uzi ulikuwa umejisokota chini tu. Nilipomaliza nikamkuta ameingia kijumbani na viatu amevivua mlangoni kama anayeingia nyumba ya mtu. Walikuwa wakizungumzia nyonga. Mama yake Mishi naye aliumia hivyo hivyo.

Zombe ni Mbithe. Huyo ana mashine nne na wasichana wawili wanaojifunza kushona kwake. Aliposikia gari aliacha nguo ya watu ikining'inia kwenye sindano. "Mwaitu amefika!" Kwa Kikamba hivyo ndivyo anavyomwita mama anayemheshimu. Mimi sikusalimiwa mpaka chai ilipokuwa tayari.

Jioni waliimba. Nilikuwa nikisafisha mashine na ile kelele ilinisumbua kidogo.

Springi za nyuma zimelala. Nimezipima kwa kiganja, zimeshuka vidole viwili. Chuma cha Mulwa ni kizito kuliko alivyoniambia.

25 Oktoba

Mvua. Hatimaye.

26 Oktoba

Mvua. Kanyiva amepanda ndengu, na sisi ametupandia zetu. Ndinda ameangalia akiwa amelala barazani na kuelekeza kila shimo.

30 Oktoba

Nimempelekea Mulwa maneno makali kuhusu chuma chake. Akasema, "Mzee, uzito si shida. Shida ni hii paji la uso. Unaendesha ukuta, upepo unakupiga ngumi." Tukakata bati la mbele, tukalilaza nyuma kama kofia. Ndinda amepoteza mahali pa kutundika begi lake. Nimejaza upepo kwenye magurudumu. Nitaendesha kwa sabini, si zaidi. Sasa tuone.

4 Novemba

Kasikeu. 8.1.

Kulikuwa na matope, ni kweli, na nilitumia gia ya pili mahali pengi. Lakini 8.1! Nimefanya kila kitu ambacho mtu anaweza kuifanyia gari ila kuiombea.

Ndinda hakupiga bati nilipotikisa pale Wote. Aliuliza tu kupitia dirishani, "Imetoa ngapi?" Nikamwambia. Akafunga dirisha.

5 Novemba

Kimya hapa nyumbani.

12 Novemba

Zombe. 7.8.

Nimepiga hesabu mara tatu, mara ya mwisho kwa simu. 7.8.

Tuliegesha nyumbani, nikamsaidia kushuka, nikamshika chini ya kwapa kama tulivyofundishwa hospitalini. Hakuuliza namba. Aliiona usoni kwangu. Akasimama na mkongojo wake, akasema, "Mwambie Mulwa akuje aitoe."

Nikasema labda ni nozeli za kunyunyizia dizeli. Nikasema tungoje mvua iishe, barabara ikauke.

"Ulisema nane."

"Nilisema."

"Basi. Wewe ni mtu wa neno lako. Mimi nitakaa na Kanyiva, sitakufa."

Nilitaka aseme kitu kingine. Nilitaka agombane, maana tukigombana yeye hushinda.

14 Novemba

Siku hii naiandika yote.

Mulwa alikuja asubuhi na wanaume watatu. Bolti nane zikatoka vizuri, nilikuwa nimezipaka grisi. Kila mmoja akashika pembe, wakahesabu hadi tatu, wakainua. Hakuna kilichotoka mahali pake. Wakahesabu tena. Mmoja akajishika kiuno.

"Mzee Musyimi," Mulwa akasema, "mimi nilipandisha hii kitu na watu watatu. Umeficha injini ingine huku ndani?"

Nikaingia. Nikatoa godoro. Chini yake ni lile sanduku la mbao, ambalo tangu Agosti naambiwa lina nguo za Ndinda, na mimi si mtu wa kufungua nguo za mwanamke. Nikalifungua.

Nguo zilikuwa mbili, juu kabisa. Chini yake kulikuwa na mbaazi kwenye mifuko ya sukari. Kulikuwa na muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa, na mtama, wimbi, kunde kavu, vibuyu vinne, asali kwenye galoni ya mafuta ya kupikia, malenge ya kijani makubwa kuliko kichwa changu. Tende za Mishi. Mkungu wa ndizi uliokuwa ukiiva kwa utaratibu wake. Na kwenye kona, limefungwa kwa leso, jiwe la kusagia.

Ndinda alikuwa barazani kwenye kiti, nusu saa yake inaisha.

"Hii ni ya nani?"

"Hiyo mbaazi ni ya yule mama wa Kasikeu, mtoto wake amepita mtihani. Hiyo ingine ni ya dada yake, hakutaka kuachwa."

"Na hii?"

"Asali ni ya mume wa Mbithe. Malenge ni ya mwalimu mmoja wa Zombe."

"Na hii jiwe, Ndinda? Jiwe!"

"Ya mama yake Mbithe. Macho yamekwisha, hasagi tena. Akasema hawezi kuiona ikikaa bure." Halafu akaniangalia. "Wewe ungekataa jiwe ya mama mzee?"

Mulwa aliazima mizani ya mnunuzi wa ndengu pale sokoni. Tulipima kila kitu, sijui kwa nini, nadhani mikono yangu ilihitaji kazi. Kilo mia moja na sitini na tatu. Wanaume walikuwa wamekaa chini wanacheka, na Mulwa alikuwa akicheka kuliko wote, kwa sababu chuma chake kilikuwa kimetakaswa mbele ya mashahidi.

Mimi sikucheka. Wiki sita nimekuwa nikiandika namba za kijumba, kumbe naandika namba za mbaazi. Nimebadilisha chujio kwa ajili ya mbaazi. Nimekata paji la uso la gari kwa ajili ya mbaazi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungesema nikatae," akasema. "Na mimi ningekutii. Na hawangerudi."

Hapo alisema kweli. Kwetu mtu akikuletea chakula ukakirudisha, haendi nyumbani akifikiri umekataa mbaazi. Anaenda akijua umemkataa yeye. Naye Ndinda hana miguu ya kwenda kumbembeleza mtu baadaye.

Ningeweza kusema, Mulwa, rudisha bolti. Ilikuwa sentensi fupi tu. Lakini nilikuwa nimekasirika na watu walikuwa wakicheka, na nikasema kwamba mtu na mke wake hawawezi kusafiri kwa uongo.

Akanyanyuka polepole na mkongojo.

"Itoe tu," akasema. "Mimi nimechoka kupimwa kila tukifika Wote."

Wakakiinua kikiwa kitupu, wakakiweka juu ya mawe karibu na lango. Mulwa anakwenda matanga Mbooni, harudi mpaka Jumatano. Kesho mimi naenda Zombe, kwa sababu Mbithe ana sare za Krismasi za kwaya nzima na mashine mbili zimekufa.

15 Novemba

Niko Kitui. Gari inaruka kwenye matuta kama mbuzi. Mishi ameuliza habari za Ndinda mara moja tu, kisha akatengeneza mashine yake mwenyewe nikimwangalia.

16 Novemba

Zombe, Jumapili. Nilingoja watu watoke kanisani.

"Mwaitu ako wapi?" Mbithe akauliza. Alikuwa ameshaangalia nyuma ya gari.

"Ako nyumbani. Anapumzika."

"Anapumzikia nini? Kwani alichoka?"

Nikafungua mashine. Wasichana wawili wa Mbithe walikaa kando yangu, mikono mapajani, wanangoja kitu. Nikauliza wanangoja nini. Mkubwa akasema kwamba Mwaitu aliwafundisha sauti ya kwanza na ya pili ya wimbo wa Krismasi, na Kasikeu ndiko wanakofunzwa ya tatu, na kwamba Desemba kwaya ya huku na kwaya ya kule zitakutana na kuimba pamoja. Alisema hivyo kama jambo ambalo kila mtu analijua.

Mimi nilikuwa mita tano kutoka pale, kila mara, na wimbo huo niliuita kelele.

17 Novemba

Nimejaza Wote. Nimetikisa gari. Hakuna aliyepiga bati.

11.8.

Ni namba nzuri sana. Sijui niipeleke kwa nani.

18 Novemba

Nilifika nyumbani jana saa tisa mchana, na leo ndio naweza kuandika.

Kanyiva alinipokea langoni akiwa amefura. "Shemeji, chukua bibi yako. Nimemtandikia kitanda changu mwenyewe, amekataa. Siku tatu analala ndani ya mabati, jua linampika, mvua inampigia ngoma. Nikimuuliza, ati hapo anasikia gari zikipita."

Kijumba kilikuwa juu ya mawe yale yale. Ndinda alikuwa amelala ndani, uso dirishani, upande wa barabara.

Nilivua viatu mlangoni, nikaketi ukingoni mwa godoro. Alisogea akanipa nafasi.

"Imetoa ngapi bila mimi?"

"Kumi na moja nukta nane."

"Aiya," akasema kwa sauti ndogo. "Tofauti kubwa."

Basi nikamwambia jambo ambalo sijaliandika kwenye daftari hili wala popote. Ile siku ya Aprili nilimaliza kazi Zombe saa sita mchana. Ningetoka wakati ule, ningefika kabla ya giza, ningemkuta chini kando ya tangi akiwa amelala pale saa mbili, si usiku mzima. Sikutoka. Mbithe aliniambia kuna mashine ingine italetwa kesho yake asubuhi, nikaona heri nilale niunganishe kazi mbili kwa safari moja. Ni mafuta niliyokuwa nikiokoa. Usiku ule nililala vizuri kabisa. Tangu hapo kila ninapojaza tangi nauona usiku ule, na kila namba ninayoandika naiandika kwa sababu yake, na bado sijaelewa nilitaka namba hizo ziniambie nini.

Nilipomaliza nilikuwa nalia. Mimi ni mzee wa miaka sitini na tatu na naandika hapa kwamba nililia.

Ndinda alinishika mkono.

"Najua," akasema. "Mbithe aliniambia Oktoba. Hakujua ni siri."

"Ulijua? Na ukaendelea kuingia kwa gari yangu?"

"Ningeingia ya nani?"

Tulikaa hapo. Nusu saa yangu iliisha nikalala kando yake, maana kijumba kina godoro moja. Gari zilipita, na yeye akanitajia kila moja ni ya nani bila kuangalia.

20 Novemba

Mulwa amerudisha bolti. Wanaume watatu, mara moja tu, juu. Alikuwa akipiga mluzi kila mara nilipomwangalia.

21 Novemba

Tumeongea. Hatakataa kitu cha mtu, na mimi sitamwambia akatae. Lakini hakuna kitakacholala sandukuni. Cha Zombe kitashuka Kasikeu, cha Kasikeu kitashuka Zombe, na Mishi apate mbaazi. Jiwe linabaki hapa nyumbani. Ndinda ameshaanza kulitumia, akisagia amekaa, dakika ishirini ishirini.

Nyuma ya daftari hili anaandika nani alitoa nini na nani alipokea. Mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu.

27 Novemba

Kasikeu. Yule mama wa mbaazi alipewa mtama wa Zombe, akataka kujua mwenye kutoa ni mtu wa namna gani, ana watoto wangapi, anasali wapi. Ndinda alimweleza mpaka mimi nikamaliza mashine nne. Wakati wa kuondoka sanduku lilikuwa limejaa tena, na hakuna aliyejificha kulijaza. Nilishika mlango.

Sikujaza Wote. Nitapima baada ya Zombe.

2 Desemba

Ndengu zimetoa maua.

6 Desemba

Ndinda ametembea kutoka barazani hadi langoni na kurudi. Nilimfuata nyuma nikijifanya natafuta spana.

11 Desemba

Zombe jana na juzi. Tulimchukua mama mmoja wa Kasikeu, yule mwenye sauti ya tatu, akakaa mbele na mimi na kunifundisha njia ninayoijua miaka ishirini. Kwa Mbithe waliimba wote, wa kwanza, wa pili na wa tatu. Ndinda aliongoza akiwa amelala ubavu kwenye ubao wa nyuma, mkono mmoja hewani. Watu wa soko walisimama. Mimi niliacha mashine ya mtu imefunguka na kusimama pia, na nilikuwa na fahari.

Leo mchana nimejaza Wote, pampu ile ile. Nilipotikisa gari, bati lilipigwa kwa ndani, mara tatu. Nikaenda kando na simu na daftari nikapiga hesabu. Niliporudi alikuwa ametoa kichwa dirishani, leso imeteleza, mvi zote nje.

"Imetoa ngapi?"

"Kumi na moja nukta nane."

"Sawa na ile ya peke yako?"

"Sawasawa."

Akarekebisha leso yake.

"Kumbe mimi si mzito," akasema, na akajilaza.

Nikamwambia hata kidogo. Nikafunga kifuniko cha tangi, nikaondoa gari taratibu.

Imetoa 9.3.